Maneno ya Kuiwahi Figo

Moyo ukiumia, mwenyewe hushika kifua na kila aliye karibu hujua kuna jambo. Figo haina tabia hiyo. Mgonjwa aliyezidiwa na maambukizi, presha imeshuka, amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, anaweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake bila kuhisi maumivu ya figo, na karatasi ya maabara ikaendelea kuonyesha majibu yasiyotisha. Wanaomhudumia hutegemea mambo mawili: vipimo, na maneno ya kuvieleza vipimo hivyo. Habari za vipimo zimeandikwa sana. Mimi nataka kuyatazama maneno, kwa sababu naamini kwamba katika ugonjwa huu neno ndilo linalopanga saa ya kuchukua hatua. Anayesema "kufeli" husubiri mpaka kitu kifeli. Anayesema "jeraha" hulitafuta mapema. Kiswahili kina maneno ya kutosha kutenganisha hatua hizo, ila hatujayapanga.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Neno sepsisi asili yake ni Kigiriki cha kale, na lilimaanisha kuoza. Waganga wa zama za Hippocrates walilitumia kwa uozo wa mwili, na kwa karne nyingi maana haikusogea mbali na hapo. Maana ya leo ni nyingine. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa kimataifa liliieleza upya: sepsisi ni hali inayotishia uhai, ambamo viungo vya mwili vinaharibikiwa kazi kwa sababu mwili umeyajibu maambukizi kwa namna iliyovurugika. Hapo lawama imehama. Kijidudu ndicho chanzo, lakini sehemu kubwa ya madhara inatokana na jibu la mwili wenyewe. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwaka 2017 pekee watu wapatao milioni 48.9 duniani walipata sepsisi na milioni 11 walifariki wakiwa nayo, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwetu jina linalosikika zaidi ni "sumu kwenye damu". Jina hilo lina nguvu, na lina hatari yake. Ndugu akiambiwa damu ya kaka yake ina sumu, swali la kwanza linalomjia ni nani amemlisha, na minong'ono ya namna hiyo inaweza kuvunja udugu kabla mgonjwa hajatoka wodini. "Maambukizi kwenye damu" ni salama zaidi, ila halisemi kwamba viungo vimeanza kuumia, na hilo ndilo linaloitofautisha sepsisi na homa nyingine. Kwa sababu hiyo naliunga mkono neno sepsisi lenyewe, likiandikwa Kiswahili na kuelezwa kila linapotajwa mbele ya familia, kama tulivyofanya kwa malaria na kansa mpaka yakawa maneno yetu.

Gumu zaidi ni neno mshtuko. Katika masikio ya Mswahili, mshtuko ni wa roho: habari za msiba, radi iliyopiga karibu, gari lililofunga breki ghafla. Daktari anaposema mgonjwa yuko kwenye mshtuko wa sepsisi, anazungumzia mzunguko wa damu. Kwa maelezo ya 2016, mgonjwa huyo amepewa maji ya kutosha kwa dripu, na bado anahitaji dawa za kukaza mishipa ili wastani wa presha usishuke chini ya milimita 65 za zebaki, huku lakteti katika damu ikiwa juu ya milimoli 2 kwa lita. Vifo hospitalini miongoni mwa wagonjwa hao huzidi asilimia 40. Mama anayesikia kwamba mwanawe "amepata mshtuko" anaweza kudhani kuna aliyemtisha kijana. Maneno matatu tu yangemwondolea fumbo hilo: mshtuko wa mzunguko, yaani damu inazunguka, lakini haina nguvu ya kufika inakotakiwa.

Jina la ugonjwa hubeba tiba ndani yake, na Afrika Mashariki ilitoa ushahidi wa jambo hilo kwa machungu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofikishwa hospitali wakiwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni. Kwa mazoea ya tiba, hali kama hiyo iliitwa mshtuko, na mshtuko ulimaanisha kumiminiwa maji kwa kasi. Watoto waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki kwa wingi zaidi ndani ya saa 48 kuliko wale waliopewa maji taratibu: zaidi kidogo ya asilimia 10 dhidi ya asilimia 7.3. Mkono wa daktari ulikuwa umelifuata neno. Tangu hapo, anayetunga istilahi za tiba hana ruhusa ya kujiambia kwamba anacheza na kamusi tu.

Figo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema katika hali hiyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, ukikusanya wagonjwa mahututi wa hospitali 54 katika nchi 23, ulikuta kwamba mshtuko wa sepsisi ndio ulioongoza kwa kuangusha figo, ukihusika kwa karibu nusu ya wagonjwa wote wenye tatizo hilo. Wakati huo wengi bado waliliita tatizo hilo kwa jina lenye maana ya figo kushindwa kazi ghafla. Neno lilikuwa moja, lakini maana zaidi ya 30 zilikuwa zikitumika katika maandiko ya kitaalamu, hata matokeo ya hospitali moja yakawa hayalinganishiki na ya nyingine.

Mwaka 2004 kundi la wataalamu linalojulikana kwa kifupi kama ADQI lilipendekeza ngazi: hatari, jeraha, kufeli, kupotea kwa kazi, na mwisho kabisa figo zisizorudi tena. Neno jeraha likaingia katikati ya safari, kabla ya kufeli. Miaka iliyofuata jeraha likapanda hadi kuwa jina la ugonjwa mzima, na mwongozo wa KDIGO, jopo la kimataifa la tiba ya figo, wa mwaka 2012 ukaliimarisha: jeraha la ghafla la figo lipo iwapo kreatinini katika damu imepanda kwa miligramu 0.3 kwa desilita ndani ya saa 48, au imefika mara moja na nusu ya kiwango cha awali ndani ya siku saba, au mkojo umekuwa chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa sita.

Kiswahili cha mitaani bado kiko kwenye neno la kale. "Figo zimefeli" ndiyo sentensi tunayoisikia, na tunaisikia kwa mgonjwa wa hatua ya kwanza sawasawa na kwa yule anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kufeli kwetu ni neno la hukumu. Mwanafunzi hufeli, breki hufeli, na baada ya hapo kinachobaki ni matokeo. Familia ikishaambiwa figo zimefeli, wengine huanza kuuza shamba na wengine huanza kukata tamaa.

Sayansi haiungi mkono ukatili huo wa neno. Nchini Ufaransa ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa wagonjwa 488 wa mshtuko wa sepsisi ambao figo zao zilikuwa zimefikia ngazi ile iliyoitwa kufeli. Kundi moja lilianza kusafishwa damu mapema, jingine lilisubirishwa saa 48 huku likichungwa. Vifo havikutofautiana kwa maana yoyote ya kitakwimu. Katika kundi lililosubiri, asilimia 38 hawakusafishwa damu kabisa, na wengi wao ni kwa sababu figo zilirudi kazini zenyewe. Kwa kipimo, figo zile zilikuwa zimefeli, na bado zikarejea. Neno "jeraha" lingefaa zaidi hapo, kwa kuwa Mswahili anajua jeraha linaweza kupona, linaweza kuacha kovu, na linaweza kuoza likipuuzwa. Daktari anayesema "Mama, figo za mzee zimejeruhiwa, tunazilinda zisifeli" amesema ukweli wa kitaalamu na ameacha mlango wa matumaini ukiwa wazi kwa kiasi chake halali.

Hapo ndipo inapoingia kreatinini, kipimo tunachokitegemea na ambacho jina lake linakiri udhaifu wake. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya nyama. Mwanakemia Mfaransa Chevreul aliitoa kreatini kwenye nyama katika karne ya 19, na Mjerumani Liebig akaipa kreatinini jina lake mwaka 1847. Kreatinini ni taka ya misuli. Figo huichuja, na ikishindwa kuichuja taka hiyo hujikusanya katika damu. Hiyo ina maana kwamba kreatinini hutuambia kwanza habari za misuli, kisha habari za uchujaji, na haituambii lolote moja kwa moja kuhusu seli ya figo iliyojeruhiwa.

Katika sepsisi kasoro hizo huungana. Uchujaji unaweza kushuka kwa nusu kabla kreatinini haijapanda vya kutosha. Misuli ya mgonjwa aliyezidiwa huzalisha kreatinini kidogo kuliko kawaida. Maji ya dripu huizimua katika damu. Na kwa mtu aliyekonda kwa njaa, kwa kifua kikuu au kwa VVU, kiwango cha kuanzia kiko chini, hata kinapopanda maradufu bado kinaweza kuonekana ndani ya mipaka ya kawaida iliyochapishwa kwenye karatasi ya maabara. Tunapoiita kreatinini "kipimo cha figo" bila nyongeza, tunaipa sifa isiyo yake. Ni kipimo cha utendaji wa figo, tena chenye kuchelewa.

Kutokana na uchelewaji huo, kwa miaka zaidi ya 20 sasa watafiti wamekuwa wakitafuta protini zinazojitokeza katika damu au mkojo saa chache baada ya figo kuumia. Majina ya protini hizo ni somo kwa mpenda maneno, kwa sababu kila jina limebaki na kumbukumbu ya mahali ilipoonekana kwanza, wala si mahali inapotumika leo.

Mashuhuri kuliko zote ni NGAL. Ilielezwa mwaka 1993 na watafiti waliokuwa wakichunguza chembe nyeupe za damu zinazoitwa nyutrofili, na herufi yake ya kwanza ni ya chembe hizo. Jina la ukoo wake, lipokalini, limeunganishwa kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya mafuta na kikombe, kwa sababu umbo la protini hizo lina shimo la kubebea vitu vidogo. NGAL hubeba kitu cha ajabu: inavikamata vibeba chuma ambavyo bakteria huvituma kuiba madini ya chuma mwilini, na hivyo kuwanyima bakteria chakula. Mwaka 2005, katika jarida la Lancet, watafiti wa Cincinnati nchini Marekani walionyesha kwamba kwa watoto 71 waliofanyiwa upasuaji wa moyo, NGAL katika mkojo ilipanda ndani ya saa mbili kwa wale ambao baadaye walipata jeraha la figo, ilhali kreatinini ilichukua siku moja hadi tatu. Matumaini yakawa makubwa.

Lakini jina lilikuwa limehifadhi onyo. Protini iliyopewa jina la chembe nyeupe, na ambayo kazi yake ni kupigana na bakteria, haiwezi kukaa kimya wakati wa sepsisi. Nyutrofili huimwaga kwa wingi katika damu hata figo zikiwa nzima. Ndiyo maana NGAL iliyofanya vizuri kwa mtoto aliyepasuliwa moyo hupoteza sehemu ya makali yake kwa mtu mzima mwenye mshtuko wa sepsisi: ikiwa juu, huwezi kusema mara moja kama inalia kwa ajili ya figo au kwa ajili ya vita vyote vya mwili. Kuisoma vizuri ni kukumbuka jina lake kwa ukamilifu.

KIM-1 ina jina la uaminifu zaidi, kwa kuwa herufi zake zinaiita molekyuli ya jeraha la figo. Iligunduliwa mwaka 1998. Katika figo nzima huonekana kwa shida, lakini mirija ya figo ikiumia huchipua kwa wingi na kipande chake huingia kwenye mkojo. Sistatini C nayo ina historia ndefu. Ndani ya jina hilo mna sisteini, na ndani ya sisteini mna neno la Kigiriki la kibofu, kwa sababu dutu ya ukoo huo ilipatikana kwanza katika jiwe la kibofu cha mkojo, na mwanakemia Mwingereza Wollaston mwaka 1810. Inazalishwa na seli zote zenye kiini, kwa hiyo haitegemei misuli kama kreatinini, na inaweza kutangulia kuonyesha kushuka kwa uchujaji. Bado inabaki katika kundi la vipimo vya utendaji.

Kundi la tatu ni jozi ya TIMP-2 na IGFBP7. Majina yao marefu hayataji figo kabisa. Zilichaguliwa kati ya protini 340 zilizopimwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ukazijaribu kwa wagonjwa mahututi 728 wa Amerika Kaskazini na Ulaya, wakiwemo wengi wenye sepsisi. Zikipimwa pamoja katika mkojo, zilitofautisha kwa kiwango kizuri wale ambao ndani ya saa 12 wangefikia jeraha la wastani au kali. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa na vyakula ya Marekani ikaruhusu kipimo chake kitumike. Kinachonivutia ni maana yake: protini hizi huhusika pale seli inaposita kugawanyika, kwa sababu imehisi kwamba hali si salama na inajizuia isigawanyike ikiwa na kasoro. Hapo seli haijafa, wala haijajeruhiwa kwa maana kamili. Iko kwenye mkazo.

Mkazo, jeraha, utendaji. Maneno haya matatu ya kawaida yanatosha kuvipanga vipimo vyote nilivyovitaja. TIMP-2 na IGFBP7 ni viashiria vya mkazo. NGAL na KIM-1 ni viashiria vya jeraha. Kreatinini na sistatini C ni viashiria vya utendaji. Anayejua mpangilio huo hashangai vipimo viwili vya siku moja vikisema mambo mawili tofauti, kwa kuwa havikuulizwa swali moja. Mwaka 2020 wataalamu wa ADQI walipendekeza ngazi ya mgonjwa ambaye kiashiria cha jeraha kimepanda na kreatinini bado imetulia. Kwa Kiswahili ningeiita jeraha fiche la figo. Neno fiche linasema kwamba kitu kipo na hakijaonekana, wala halisemi kwamba ni kidogo.

Nimetumia neno kiashiria, na nalitetea. Wapo wanaosema bayomaka, na wodini litaendelea kusikika. Dalili haifai, kwa kuwa dalili ni kile mgonjwa anachokihisi na kukieleza, na figo ya sepsisi haimpi cha kueleza. Kiashiria tayari kiko midomoni mwa watu. Kila anayefuatilia taarifa za habari amesikia juu ya viashiria vya rushwa na viashiria vya uvunjifu wa amani, na anajua kwamba vinatajwa ili tukio lizuiwe. Wakati uliomo ndani ya neno hilo ndio wakati tunaoutaka: baada ya jambo kuanza, kabla halijakomaa.

Neno la kuepuka ni kutabiri, ingawa ndilo linalokuja upesi. Asili yake ya Kiarabu inahusu kufasiri ndoto, na hata tulivyolizoea kwa hali ya hewa bado lina harufu ya majaliwa. Kubashiri limeshachukuliwa na wacheza kamari za mpira. Kuagua ni la mganga. Mgonjwa akiambiwa kipimo kimetabiri figo zake, ameambiwa yaliyoandikwa. Akiambiwa kipimo kinaashiria hatari, ameambiwa kuna la kufanya. Tofauti hiyo ina uzito hata kwa wanasayansi: faharasa iliyotolewa Marekani mwaka 2016 inatenganisha kiashiria kinachoonyesha mwenendo wa ugonjwa na kile kinachoonyesha nani atafaidika na tiba fulani. Viashiria vingi vya figo viko upande wa kwanza. Vinasema nani yuko hatarini, na havisemi dawa gani itamponya, kwa sababu dawa mahususi ya kuponya jeraha la figo la sepsisi bado haijapatikana.

La kufanya lipo. Dawa kama gentamisini na diklofenaki huangaliwa upya, kwa kuwa zote zinaweza kuiongezea figo mzigo. Presha hushikiliwa. Maji hupimwa yanayoingia na yanayotoka. Nchini Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulitumia kiashiria cha mkazo kuwachagua wagonjwa 276 wa upasuaji wa moyo, na waliopewa ulinzi wa namna hiyo kwa ukamilifu walipata jeraha la figo kwa asilimia 55, dhidi ya asilimia 72 kwa wenzao. Hawakuwa wagonjwa wa sepsisi, na matokeo hayo hayahamishwi kwa mkupuo. Yanachothibitisha ni kwamba onyo la mapema lina faida pale linapofuatwa na hatua.

Hospitali nyingi za wilaya hazina NGAL wala TIMP-2. Zina muuguzi, mpira wa mkojo na mfuko wenye mistari. Kwa mtu wa kilo 60, chini ya mililita 30 kwa saa kwa saa sita mfululizo ni jeraha la figo kwa kigezo kamili cha kimataifa, hata kreatinini ikiwa haijarudi kutoka maabara. Muuguzi anayeandika "mkojo kidogo" ameandika maelezo. Anayeandika "mililita 20, saa nne usiku, kiashiria cha jeraha la figo" ameita msaada, na daktari wa zamu hana namna ya kuyapita maneno hayo.

Mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, yana kazi ya kusanifisha, na vyuo vya uuguzi na utabibu vina kazi ya kufundisha. Ninachoomba kinaweza kuchapwa kwenye ukurasa mmoja wa fomu ya wodini: mkazo wa figo, jeraha fiche, jeraha, upungufu wa utendaji, na kufeli likiwa la mwisho kabisa. Kila neno liwe na kipimo chake mbele yake, na nafasi ya kuandika saa. Fomu ya namna hiyo itamlazimu kila anayetaka kuandika kwamba figo zimefeli kupitia kwanza kwenye mistari minne ambapo bado zingeweza kuokolewa.